Kuchwa, Kutwa na Machweo

Mwanafunzi akiulizwa jina la wakati jua linapozama, hujibu upesi: machweo. Jibu ni sahihi, lakini nyuma yake kuna kitenzi ambacho sasa husikika kwa nadra, nacho ni -chwa. Husemwa jua limekuchwa, au kumekuchwa. Na kwa kuwa shina ni la silabi moja, ku- hubaki ili ibebe mkazo, kama ilivyo katika kumekucha. Baina ya kumekucha na kumekuchwa tofauti ya sauti ni ndogo mno. Tofauti ya maana ni mchana mzima.

Katika machweo, -e- ni alama ya kauli ya kutendea, ndiyo maana neno huweza kubeba wakati na mahali pamoja. Magharibi, lenye asili ya Kiarabu, limetwishwa zaidi: wakati, sala na upande wa dunia.

Kauli ya kutendewa hutupa kuchwewa: wasafiri wamechwewa njiani, yaani jua limetua kabla hawajafika. Mwenzake ni kuchelewa, litokanalo na kucha. Aliyechelewa, kwa asili, ni aliyekutwa na mapambazuko. La pili limeingia hata maofisini, la kwanza tumewaachia washairi.

Hata hivyo -chwa haijafa. Inaishi katika umbo lake jingine, -twa. Mchana kutwa ni mchana hadi jua litue, kama usiku kucha ulivyo usiku hadi alfajiri. Shule ya kutwa ni ile ambayo wanafunzi wake hurejea kwao jioni. Zito zaidi ni maagizo ya dawa: kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Tabibu amekusudia saa 24. Mgonjwa alichukuaye neno kwa maana yake ya asili atameza vyote vitatu kabla ya magharibi, kisha alale usiku kucha bila dawa. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8 heri iandikiwe hivyo.

Lipo pia suala la siku. Kwa hesabu ya mwambao, siku huanza jua likichwa. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Anayehesabu siku kuanzia saa sita za usiku humaanisha ule unaoifuata, na wawili hao wakialikana arusini, mmoja atakuta viti vitupu. Ndipo wasemaji wengi wakashika kusema usiku wa kuamkia Ijumaa.