Kiingereza Nacho Kilikopa

Wako wenzetu ambao wakisikia kwamba Kiswahili kimekopa neno la Kiarabu au la Kireno, wao hucheka. Ati Kiswahili ni lugha ya kuombaomba, na Kiingereza ndicho kinachojitegemea. Lo! Nyani haoni kundule. Hebu tukichungulie hicho Kiingereza, na tuanze na wanyama.

Kilatini kilikuwa lugha ya Warumi wa kale. Mwaka wa 1066, Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, nao wakaja na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Basi maneno yakamiminika. Ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", neno la Waingereza wenyewe. Akishaingia sufuriani anageuka "beef", na hilo lina asili ya "bos", yaani ng'ombe kwa Kilatini. "Pork" nalo limetoka kwa "porcus", nguruwe. Na nungunungu, "porcupine"? Huyo maana yake ni nguruwe wa miiba!

Wanyama wengine wamejificha kabisa. Katika Biolojia tunasoma juu ya msuli, "muscle". Asili yake ni "musculus", yaani kipanya. Kunja mkono wako uone jinsi msuli unavyocheza chini ya ngozi, utaelewa. Kuna pia ndege mdogo aitwaye "canary". Kumbe jina lake ni la mbwa! Aliitwa hivyo kwa sababu kwao ni visiwa vya Canary, na jina la visiwa hivyo latokana na "canis", mbwa.

Lakini neno linaloshinda yote ni "vaccine". Kwa Kilatini "vacca" ni ng'ombe jike. Mwaka wa 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, alimchanja mtoto wa miaka minane kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Baadaye alipomjaribu kwa ndui ya watu, mtoto hakuugua. Kazi hiyo ikaendelezwa na wengine, hata mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Sisi twasema "chanjo", kutokana na kuchanja ngozi. Mwingereza alimtazama ng'ombe, Mswahili akautazama wembe. Nani kakosea? Hakuna.

Tena, hata meza unayoandikia ni ya Kilatini. Wareno walituletea neno "mesa", nao walilirithi kutoka kwa "mensa" ya Warumi. Kwa hivyo Kiswahili na Kiingereza vilibisha hodi katika nyumba ile ile, ila kwa milango tofauti.

Kukopa si aibu, wanafunzi wenzangu. Lugha isiyokopa ni lugha isiyotembea. Kwa hayo machache, ukimsikia mtu akikidharau Kiswahili, usigombane naye. Muulize tu hiyo "beef" yake aliipata wapi.