Samehe Upendavyo, Kesi Si Yako

Swali hili nimelijibu Ramisi, Msambweni na Ukunda, mara nyingi nje ya kanisa watu wakisalimiana: "Wakili, wewe si umeokoka? Basi tuandikie hati ya msamaha, mlalamishi atie sahihi, kesi ife."

Hati hiyo haipo kisheria. Wapo wanaoiuza, ikiwa na kiapo na muhuri, na familia zinachanga pesa kuinunua. Ikifika mahakamani Kwale itatiwa kwenye faili na mashtaka yataendelea. Anayeshtaki ni Jamhuri. Aliyeumizwa ni shahidi. Asamehe usiku huu huu alale kwa amani, hakuna wa kumzuia, lakini hawezi kusamehe kwa niaba ya Jamhuri. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa Kifungu cha 157 cha Katiba, haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama.

Utanitajia Mohamed Abdow Mohamed. Ndiyo, mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliifunga kesi yake ya mauaji baada ya familia mbili kupatana kimila na kulipana fidia. Soma uamuzi wenyewe: upande wa mashtaka ndio uliopeleka ombi, jaji akakubali. Fidia ilikuwa imelipwa. Karatasi tupu haikufanya lolote.

Wengine humleta Askofu Desmond Tutu na tume yake ya ukweli, eti Afrika Kusini ilisamehe wote. Ilimsamehe nani? Kati ya maombi 7,112 ya msamaha, yaliyokubaliwa ni 849. Mwombaji alitakiwa kusema ukweli wote na kuonyesha kosa lake lilikuwa la kisiasa. Na sheria yetu hapa Kenya ya mwaka 2008, iliyounda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilifunga mlango wa msamaha kwa ubakaji na mateso.

Sasa turudi kwetu. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Machafuko yakasambaa hadi Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama, wengi wao watu wa bara. Kisha vijana wa Kidigo wakakamatwa, na wako walioteswa mikononi mwa polisi. Hati ya msamaha hapo iandikwe kwa jina la nani, na imsamehe nani? Chini ya yote hayo kuna ardhi. Ripoti ya Tume yetu ilipokabidhiwa 2013, aya za sura ya ardhi zilizogusa Pwani zilikuwa zimebadilishwa. Makamishna watatu wa kigeni wakaipinga sura hiyo kwa maandishi. Mnataka tupatane juu ya ukweli uliokatwa?

Zakayo wa Biblia aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Wakili Mkristo anayehubiri maridhiano akaruka fidia, kitabu chake mwenyewe hajakisoma.

Haya, la kufanya. Shambulio dogo: mwombe hakimu ahimize suluhu chini ya kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Kosa kubwa: mpelekee mwendesha mashtaka makubaliano yenu, aamue yeye, naye aliyeumizwa aeleze madhara yake chini ya Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Mzozo wa shamba: wazee, imamu au mchungaji wanaruhusiwa na Kifungu cha 159 cha Katiba, mradi mjane na binti wasinyimwe haki yao, kisha makubaliano yasajiliwe mahakamani. Dhuluma za kihistoria za ardhi: muda wa miaka mitano wa kuwasilisha madai, uliowekwa 2016, ulikwisha 2021, kwa hivyo anayekudai ada leo akuonyeshe anatumia sheria gani. Huna pesa: Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa.

Na muuza "hati ya msamaha" mdai risiti yenye jina la wakili. Utasikia ana safari ya ghafla Lunga Lunga.