Uchaguzi mdogo Marekani: usimwangalie mshindi, angalia pengo

Dada yangu alipoteza kazi mwaka 2025, mradi wa afya aliokuwa anafanyia ulipokosa fedha za Marekani. Desemba akanipigia simu, sauti imechangamka kidogo: "Mdogo wangu, nimesikia huko Tennessee chama cha Trump kimetikiswa. Mwakani Wademokrati wakichukua Bunge, si miradi itarudi?" Nikasema nitamjibu. Jibu likawa refu kuliko salio langu, na kwa kuwa swali hilohilo nalisikia kimbwetani, naliandika hapa.

Kwanza, Tennessee yenyewe. Desemba 2, 2025 ulifanyika uchaguzi mdogo katika wilaya ya 7 ya jimbo hilo baada ya mbunge wake kujiuzulu. Mrepublikani Matt Van Epps alishinda kwa tofauti ya asilimia kama 9. Sasa kwa nini chama kilichoshinda ndicho kiwe na wasiwasi? Kwa sababu mwaka mmoja nyuma Trump alishinda hapohapo kwa tofauti ya asilimia 22. Kiti hakikuhama, pengo ndilo lililohama. Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili: mwanafunzi wa 85 akileta 60, ukisema tu "amefaulu" hujasema kitu.

Lakini pengo moja nalo hudanganya. Chukua magharibi mwa Pennsylvania. Machi 2018 Mdemokrati Conor Lamb alishinda kwa kura zisizofika 1,000, mahali ambapo Trump alikuwa ameshinda kwa karibu asilimia 20. Novemba mwaka huo, kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula wa rais, Wademokrati wakaongeza viti 40 na kulichukua Baraza la Wawakilishi. Ukiishia hapo utaapa kwamba uchaguzi mdogo ni utabiri.

Rudi Mei 2010, upande huohuo wa Pennsylvania. Mbunge mkongwe John Murtha alikuwa amefariki, na Mdemokrati Mark Critz, aliyekuwa msaidizi wake, akamshinda Tim Burns kwa karibu asilimia 8. Wademokrati wakapumua. Miezi sita baadaye wakapoteza viti 63! Ilikuwaje? Siku ileile ya Mei chama chao kilikuwa na kura ya mchujo, moto kwelikweli, kati ya Joe Sestak na seneta Arlen Specter, kwa hiyo watu wao walikuwa wameshafika vituoni. Tena Critz alijitenga na chama chake kwenye sheria ya bima ya afya. Novemba yeye na Burns wakarudiana, akaponea kwa asilimia 2 hivi.

Kuna na suala la nani anajitokeza. Uchaguzi mdogo huvuta wachache, hasa wafuatiliaji na wenye hasira. Februari 2024 Mdemokrati Tom Suozzi aliwanyang'anya Warepublikani kiti huko New York, watu wakashangilia. Novemba umati ukatoka, Trump akashinda urais.

Kwa hiyo mimi Tennessee peke yake isingenishtua. Kinachonifanya niichukulie kwa uzito ni kwamba Aprili 2025 wilaya mbili za Florida nazo zilibaki kwa Warepublikani huku pengo likipungua sana. Sehemu tofauti, wagombea tofauti, mwelekeo mmoja. Ongeza na mazoea ya zamani: tangu Vita Kuu ya Pili, chama cha rais kimeongeza viti vya Baraza katikati ya muhula mara mbili tu, 1998 na 2002. Novemba 3, 2026 viti vyote 435 vinagombewa. Ningekuwa Mrepublikani, nisingelala vizuri.

Ila dada hakuniuliza nani atashinda, aliuliza kama miradi itarudi. Hapo ndipo watu wengi wanaruka hatua. Sheria ya matumizi lazima ipite Baraza na Seneti, kisha rais asaini. Akikataa, kumpita kunahitaji theluthi mbili katika kila chombo, na hakuna uchaguzi mdogo unaoashiria wingi wa namna hiyo. Baraza likihama, Wademokrati watapata nguvu ya kubishana juu ya bajeti na kuwahoji mawaziri. Hundi hawatasaini wao.

Nimemwambia aendelee kutuma maombi ya kazi. Akaniuliza kama hicho ndicho ninacholipiwa ada.