Sikio la Mzee Linapouma Usiku

Mzee mwenye kisukari akiumwa sikio wiki kadhaa bila nafuu, tatizo lichukuliwe kuwa limefika kwenye mfupa hadi vipimo vikatae. Tundu la sikio limepakana na kitako cha fuvu, mfupa unaobeba ubongo. Bakteria aitwaye Pseudomonas, anayestawi penye unyevu, huingilia kwenye ngozi iliyochubuliwa na kijiti, sikio lililooshwa kwa maji yasiyo safi, au jeraha la upasuaji, kisha huula mfupa polepole. Kisukari humrahisishia kazi, kwa kuwa hudhoofisha kinga na mishipa midogo ya damu. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Chandler, alieleza habari za wagonjwa 13 wa aina hii. Enzi hizo karibu nusu ya waliougua walifariki.

Wapo watakaosema masikio mengi hupona kwa dawa ya matone. Ni kweli, na si kila anayeumwa apelekwe hospitali kubwa ya Mwanza. Lakini maumivu yanayomwamsha mtu usiku, usaha usiokauka na kinyama chekundu kilichoota ndani ya tundu ni dalili za jambo jingine. Mdomo ukipinda na jicho likakataa kufumba, jamaa hudhani ni kiharusi, kumbe neva ya uso imeshaguswa. Aliyepasuliwa sikio naye hutarajiwa kupungukiwa na maumivu kila siku. Yakizidi baada ya kurudi kijijini Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, asisubiri tarehe ya kliniki.

Wengine watauliza, Simiyu tutapata wapi vipimo vikubwa? Hatua za kwanza hazivihitaji: kupima sukari kwa tone la damu, kumulika sikio, na kuchukua usaha ukapimwe maabara. Majibu yakitia shaka, mgonjwa apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi, na ikibidi apitie Lamadi hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Njia ya mkato ya kununua antibiotiki ya siprofloksasini ya siku tano dukani ndiyo hatari zaidi: hutuliza maumivu, huficha mdudu kwenye kipimo na kumzoesha dawa, ilhali tiba kamili huchukua wiki sita au zaidi. Tena wakati mwingine chanzo ni fangasi, ambaye dawa hiyo haimgusi.

Basi mzazi wako akilalamikia sikio usiku, mpeleke akapimwe sukari na sikio siku hiyohiyo, kabla hujamnunulia kidonge chochote.