Tusiisingizie Miiba

Mtu atokaye Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 25, hufika Makutupora. Hapo pana visima virefu vinavyounywesha mji wa Dodoma, pana mashamba ya mizabibu na kituo cha utafiti wa kilimo, tena pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Pana pia baiskeli, na pana miiba. Hayo mawili ya mwisho ndiyo tunayotaka kuyasema.

Tulipopita huko wakati wa kiangazi tulimkuta kijana mmoja, kibarua wa shamba, akiikokota baiskeli yake kando ya njia, na jua limekwisha kuwa kali. Nyuma, juu ya keria, alikuwa amefunga madumu mawili ya maji. Tulipomwuliza limempata jambo gani, alijibu kwa neno moja: "Miiba." Tukafuatana naye mpaka kwa fundi aliyekaa chini ya mti. Fundi akautoa mpira wa ndani, akautia upepo kidogo, akauzamisha katika karai la maji. Mapovu yakatoka mahali pawili, matundu mawili yaliyolala sambamba kama jeraha la mtu aliyeumwa na nyoka. Fundi akacheka. Mwiba, alisema, hutoboa tundu moja. Matundu mawili ya namna hii ni kazi ya rimu.

Alisema kweli. Tairi likipungukiwa na upepo, na mzigo ukiwa mzito, gurudumu likipanda jiwe au ukingo wa lami, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na chuma cha rimu, ukakatika mara mbili kwa pigo moja. Wala hatusemi kwamba Ugogo hauna miiba! Mbigili zimetapakaa katika vijia, na mwiba wa mgunga haubagui tairi gumu wala laini. Lakini twaona kwamba miiba hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Kijana yule alikuwa mtu wa kulipwa kwa siku, na asubuhi aliyoipoteza hakuna aliyemrudishia.

Katika vyuo vyetu hali ndiyo hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ndaki zake zimetawanyika juu ya vilima, na umbali wa ndaki moja hadi nyingine si wa mchezo. Hapo baiskeli nzima ni msaada mkubwa. Katika chuo kingine, ambacho hatutakitaja jina, tulikuta baiskeli zaidi ya kumi zimeegemezwa ukutani. Tulibonyeza matairi yake kwa kidole gumba (twakiri hatukuomba ruhusa), na yaliyokuwa magumu yalikuwa machache mno. Tukauliza pampu. Ilikuwapo moja, mali ya wote. Mpira wake umekatika, na aliyeukata hakuna aliyemjua.

Yafaa ieleweke kwamba upepo hutoka hata pasipo tundu, kwa maana mpira huuachia pole pole. Baiskeli iliyojazwa leo, baada ya juma moja au mawili imekwisha kulegea, ingawa mwenyewe haoni kitu. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Katika baiskeli hizi za kazi aghalabu ni kati ya paundi 40 na 65 kwa inchi ya mraba, na gurudumu la nyuma, libebalo mtu na mzigo, lahitaji zaidi kuliko la mbele. Valvu za zamani zenye kimpira chembamba ndani hazipimiki kwa urahisi, basi kidole gumba ndicho kipimo cha maskini: ukibonyeza tairi la nyuma likabonyea, usipakie dumu. Kimpira hicho nacho hukauka na kupasuka. Mwenye busara huweka cha akiba mfukoni.

Kabla ya John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, kuifungia mipira ya upepo baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mwaka 1888, watu wengi walipanda juu ya magurudumu ya mpira mtupu usio na upepo. Hayakuhitaji pampu kamwe, bali yaliitikisa mifupa ya mpandaji.

Sisi twapendekeza jambo dogo. Kila chuo na kila kambi iwe na pampu iliyofungwa kwa mnyororo langoni, chini ya jicho la mlinzi, na jina la mwenye dhamana yake liandikwe ubaoni. Bei yake, wakichanga watu ishirini, haimwumizi hata mmoja.

Kijana wa Makutupora alizibiwa matundu yote mawili, akatiwa upepo mpaka tairi likalia kama ngoma fundi alipoligonga. Akayafunga madumu yake, akapanda. Tulipoachana naye alikuwa angali akitazama chini, akitafuta miiba.