Kiimbo, Mpumuo na Lafudhi katika Usaili wa Waigizaji Sauti wa Kujitolea Mtandaoni

Uigizaji sauti wa kujitolea ni shughuli ambamo mtu humwazima mhusika sauti yake bila malipo, iwe katika katuni fupi, mchezo wa kompyuta au tamthilia ya kusikilizwa. Mwenye kazi hutoa tangazo lenye wasifu wa wahusika, mistari michache ya kila mmoja na tarehe ya mwisho. Msailiwa hujirekodi nyumbani, pengine kwa simu ndani ya kabati la nguo ili mwangwi upungue, kisha hutuma faili. Anayesikiliza hamwoni wala hamuulizi neno. Makala haya yanadai kwamba, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, uamuzi unaofuata hutegemea kwa kiasi kikubwa mambo ambayo maandishi sanifu hayayaonyeshi. Kwa hiyo msailiwa huweza kubebeshwa upungufu ulio wa matini.

Si kila jaribio la sauti ni usaili. LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005 ili watu wa kujitolea wasome vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki, humtaka msomaji mpya atume rekodi ya takriban dakika moja. Kinachopimwa hapo ni kiwango cha sauti, kelele za chumbani na aina ya faili, kipaji hakihukumiwi. Hata tamthilia zake hurekodiwa kwa vipande: kila msomaji husema maneno ya mhusika wake akiwa peke yake, na mhariri huyaunganisha baadaye. Usaili wenyewe huanza pale ambapo mmoja huchaguliwa na wengine huachwa.

Upweke huo ndio chanzo cha tatizo la kwanza. Katika mchezo wa redio unaorekodiwa studioni, mwigizaji hupokea kiimbo cha mwenzake na kukijibu. Msailiwa wa mtandaoni ana mstari tu. Tuseme mstari huo ni neno moja: “Haya.” Neno hili hukubali, huharakisha, huaga, hukata tamaa, na huweza kufunga ugomvi bila kuumaliza. Hali kadhalika “Baba amerudi” ni taarifa, swali au hofu bila mofimu hata moja kubadilika, kwa kuwa swali la ndiyo au siyo katika Kiswahili huweza kubebwa na kiimbo peke yake. Alama ya kuuliza husaidia, lakini haisemi kama anayeuliza anatamani jibu au analiogopa. Msailiwa aliyebahatisha hofu pale mwenye kazi alipowaza furaha hajakosea Kiswahili wala uigizaji.

Tatizo la pili ni mpumuo. Katika Kimvita na lahaja nyingine za pwani, “tembo” mwenye mkonga hutamkwa kwa mpumuo kwenye t, na “tembo” la mnazi hutamkwa bila mpumuo. Vivyo hivyo “paa” wa porini na “paa” la nyumba. Tahajia sanifu huyaandika sawa. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi huondoa utata, lakini mistari ya usaili ni mifupi mno. Mlinzi anayepiga kelele “Tembo!” bila mpumuo, mbele ya msikilizaji wa Mombasa, huenda akawa ametangaza ulevi.

Mpumuo huohuo huigonga maikrofoni. Miongozo iliyoandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza huonya kuhusu p na b kwa pamoja. Kwa Kiswahili onyo hilo linahitaji marekebisho: b, d na g zisizotanguliwa na nazali hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, hivyo hazipulizi kama p yenye mpumuo. Anayejifunza kuzilainisha b zake kwa kufuata mwongozo wa kigeni hujipotezea sauti ya kikwao bila faida.

Lililo zito zaidi ni lafudhi. Matangazo hudai “Kiswahili fasaha” bila kufafanua, na msikilizaji huelewa lafudhi ya Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji kwa ajili ya vitabu na elimu. Haukuteua namna ambavyo dereva wa Eldoret au mfanyabiashara wa Lubumbashi angesikika katika hadithi. Kumkataa msomaji kwa sababu r na l zake zinabadilishana, huku mhusika akiwa mtu ambaye kweli angesema hivyo, ni kuichafua hadithi. Ikiwa mhusika ni kadhi wa Zanzibar, dh na gh zina haki ya kudaiwa, na tangazo liseme hivyo wazi. Linaloudhi ni kinyume chake: lafudhi iliyokataliwa katika nafasi ya mhusika mkuu hualikwa tena katika nafasi ya mchekeshaji, mara nyingi kwa kuigizwa na asiyeisema.

Basi maelezo yaandikwe pembeni ya mstari, na yataje hali badala ya hisia. “Kwa huzuni” ni maelezo hafifu. Afadhali hivi: “Haya. (Mama anamjibu mwanawe aliyekwisha kufunga mizigo, hataki kulia mbele yake. Ni mzaliwa wa Lamu.)” Kwa maelezo hayo, wasailiwa kumi wataweza kutofautiana, na tofauti zao zitakuwa za uigizaji.