Mpira na mkimbizi (4): Karatasi ya mshambuliaji

Mwishoni mwa Oktoba 2025 wasichana wa Afghanistan waliokimbia Taliban waliingia uwanjani Morocco, wakiwa timu ya wakimbizi iliyopewa baraka na FIFA. Chad iliwafunga 6-1, Tunisia ikawafunga 4-0, kisha wao wakaifunga Libya 7-0. Magazeti yaliandika mabao. Machache yalikumbuka kwamba mashindano hayo yalipangwa kufanyika Falme za Kiarabu, yakahamishwa dakika za mwisho kwa sababu ya viza.

Tangu hapo, wasomaji wa Ngarama, Juru na Base Camp wameniuliza swali moja: ikiwa Waafghani wamepewa jezi, mabinti wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, je? Nitajibu, ila kwa desturi yangu nitaanzia mbali. Habari ya Chama cha Soka cha Uingereza kuwafungia wanawake viwanja mwaka 1921 tulishaimaliza katika sehemu zilizopita, kwa hiyo siirudii. Leo nataka tufuate safari ya mshambuliaji na makaratasi yake, kwa maana mchezaji hodari asiye na karatasi hubaki kuwa sifa ya kijiji.

Tuanze na jirani yetu ng'ambo ya mto Kagera. Aisha Masaka wa Tanzania alizaliwa Novemba 2003. Mwaka 2020 alikuwa katika kikosi cha wasichana chini ya miaka 17 kilichotwaa ubingwa wa COSAFA, na katika jezi ya Yanga Princess akaendelea kuzifumania nyavu. Mwanzoni mwa 2022 alisajiliwa na BK Häcken ya Gothenburg, Sweden. Alifika na klabu hiyo hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na Julai 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Sasa hesabu miezi. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Masaka alitimiza 18 Novemba 2021. Miezi michache tu baadaye alikuwa mchezaji wa klabu ya Sweden. Mabao yalikuwapo zamani. Tarehe ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa, na tarehe huthibitishwa kwa cheti.

Masaka, hata hivyo, ana nchi na pasi. Wa kwetu wanafanana zaidi na Nadia Nadim, na hapa naomba subira, kwa sababu habari zake nimezifuatilia kwa miaka mingi kwa mapenzi makubwa. Alizaliwa Herat, Afghanistan, tarehe 2 Januari 1988. Baba yake, jenerali wa jeshi, aliuawa na Taliban mwaka 2000. Mama akabaki na mabinti watano katika nchi ambayo mwanamke hakuruhusiwa kufanya kazi. Wakavuka hadi Pakistan, wakasafiri kwa pasi za kughushi hadi Italia, wakapanda lori wakiamini linakwenda London. Liliposimama na wao kushuka, wakaambiwa hapo ni Denmark.

Najua wapo wasomaji wachamungu watakaokunja uso kwa hizo pasi za kughushi. Wasome Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31: anayekimbia kuokoa maisha haadhibiwi kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze haraka kwa wenye mamlaka na kueleza sababu yake. Dunia ilijua kwamba mauti hayasubiri mhuri.

Kando ya kituo chao cha wakimbizi kulikuwa na viwanja vya klabu. Nadia aliona wasichana wa Kidenmarki wakifanya mazoezi, akaomba kucheza nao. Kutoka hapo alipita B52 Aalborg, IK Skovbakken na Fortuna Hjørring, kisha Marekani, ambako alitwaa ubingwa wa 2017 na Portland Thorns. Akaenda Manchester City, halafu Paris Saint-Germain iliyochukua ligi ya Ufaransa 2020-21. Katika fainali ya Euro 2017 ndiye aliyeifungia Denmark bao la kwanza, kwa penalti, ingawa Uholanzi ilishinda 4-2. Na wazazi wanaosema mpira huharibu masomo wasikie hili: mshambuliaji huyohuyo alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Aarhus na kuhitimu mwaka 2022, akiwa bado mchezaji wa kulipwa.

Lakini jezi ya taifa ilikaribia kumponyoka. Kanuni ya wakati huo ilimtaka aliyepata uraia mpya awe ameishi nchini humo miaka mitano baada ya kutimiza 18. Nadia alikuwa amekua Denmark tangu utotoni, lakini miaka ile haikuhesabiwa. Chama cha soka cha Denmark kikapeleka hoja, FIFA ikamruhusu, na mwaka 2009 akacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Marekani katika Kombe la Algarve. Jifunzeni hapo: alitetewa na watu waliosoma kanuni mpaka mwisho.

Hati ya mkimbizi yenyewe ina baba yake, na siwezi kumpita bila salamu. Fridtjof Nansen wa Norway alikuwa mwanamichezo hodari wa kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1888 aliongoza msafara wa kwanza kuvuka barafu ya ndani ya Greenland. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilimpa kazi ya kuwashughulikia wakimbizi. Serikali mpya ya Urusi ilikuwa imewavua uraia maelfu kwa maelfu waliokuwa nje, wakawa watu wasioweza kuvuka mpaka wowote. Mwaka 1922 Nansen akatoa hati ambayo baadaye ilikubaliwa na serikali zaidi ya 50. Mtunzi wa muziki Stravinsky na mchoraji Chagall waliitumia. Mwaka huohuo akapewa Nobel ya Amani. Hati ya kusafiria ya mkimbizi ambayo Uganda hutoa leo ni mjukuu wa karatasi hiyo, na inauma kuona wengi wetu hapa kambini hatujui hata kwamba ipo.

Nafasi inakwisha, basi nijibu swali. Mosi, binti mkimbizi hawezi kuichezea Uganda bila uraia, na kifungu cha 12 cha Katiba kinamnyima haki ya kusajiliwa raia mtoto ambaye mzazi wake alikuwa mkimbizi alipozaliwa. Pili, kuchezea klabu ni jambo jingine. Mtoto wa kigeni anayesajiliwa kwa mara ya kwanza hufungwa na kifungu kilekile cha 19, lakini aliyeishi Uganda miaka mitano mfululizo hafungwi nacho, na mtoto aliyekimbia vita naye ana mlango wake katika kanuni hiyo. Yupo basi msichana Rubondo ambaye njia ya kwenda klabu ya Mbarara au Kampala iko wazi kwake, mradi athibitishe miaka hiyo mitano.

Atathibitisha kwa nini? Kwa karatasi ya familia ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) yenye jina lililoandikwa sawasawa. Kwa ripoti za shule za kila muhula. Kwa cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa sheria ya 2015 kinamhusu kila mtoto aliyezaliwa Uganda, wa mwenyeji na wa mkimbizi. Nawasema wazi wazazi wenzangu: tunaandikisha watoto siku ya mgao, tunasahau siku ya kuzaliwa. Tunamtoa binti shuleni akalee wadogo zake, kisha tunashangaa ripoti zake zimekatika. Wengine hupunguza umri wa mtoto ili apate nafasi ya darasa la chini, na uongo huo utamfuata mpaka mezani kwa msajili wa klabu. Akiba haiozi. Kabla ya kumnunulia binti viatu vya mpira, nenda ofisini ukarekebishe tarehe yake.

Sehemu ijayo: nani hulipwa mchezaji anapouzwa, na kwa nini klabu iliyomlea ina fungu lake.